Silsila ya Pumzi

Nilitoka hospitali nimepona nimonia, lakini pumzi yangu haikutoka nami. Daktari aliinua picha ya mapafu dirishani, akanionyesha weupe upande wa kushoto, akasema hilo ni kovu na halitaondoka. Akanishauri nifanye mazoezi ya kupumua. Nilipomuuliza mazoezi gani, akajibu yoyote yanayofungua kifua, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa muadhini. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na muda wote huo, na baada yake, nimeadhini kwenye msikiti wetu mdogo hapa mtaa wa Mabawa. Cheo hicho nilikipenda kuliko chochote nilichowahi kupewa na serikali. Nilikuwa na sauti ndefu, na sioni haja ya kujifanya mnyenyekevu juu yake. "Hayya alal falah" ya pili nilikuwa naivuta kiasi kwamba wenye maduka ng'ambo ya barabara walifunga milango, wakatawadha, na bado wakaiwahi. Watu walinisifu. Mke wangu tu, Mdigo asiye na desturi ya kusifu mtu, hakuwahi kusema neno juu ya sauti hiyo, si jema si baya, tangu tuoane.

Adhana yangu ya kwanza baada ya hospitali ilikuwa ya adhuhuri. Takbira zilitoka vizuri. Kwenye shahada nilianza kusikia mbavu zinabana. Nilipofika "hayya alas salah" nikavuta kama nilivyozoea, sauti ikakatika katikati ya neno, kikaja kikohozi, na kipaza sauti kikakisambaza kikohozi changu Mabawa nzima. Mtu mmoja akanishika mkono akanisogeza pembeni, akamalizia yeye. Nilirudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni, nimeona aibu hasa.

Imamu wetu aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alikuja kunijulia hali jioni ile, akanipa shikamoo kabla hajavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama vile bado namsahihishia madaftari.

"Mwalimu, pumzika kwanza," alisema. "Tutaona mwezi wa Shaabani. Ukiweza, mahali ni pako. Usipoweza, itabidi tumpe mwingine. Ramadhani watu wanafungua kwa adhana ile, haiwezi kukatika njiani."

Alisema kwa adabu, na kila alichosema kilikuwa kweli. Nilimchukia mpaka alipomaliza chai yake.

Nikamkumbuka mzee mmoja wa Kihindi anayekaa Raskazone. Miaka mingi aliuza dawa mjini, na zamani nilikuwa nakwenda kwake kuwafundisha wajukuu wake tuisheni. Wajukuu wamehamia ng'ambo, yeye kabaki na nyumba kubwa na paka. Kila alasiri alikuwa akikaa barazani, mgongo wima, macho yamefumbwa, anapumua. Wakati ule niliona ni shughuli ya mtu asiye na shughuli. Sasa nikakumbuka kwamba mzee yule kapita themanini na anapanda ngazi zake huku anazungumza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekonda. Hebu keti."

Alinisikiliza, akaniwekea kiganja mgongoni, akaniambia nipumue. "Unapumulia mabega," akasema. "Mabega ni ya kubebea mzigo. Pumzi inakwenda chini." Akanionyesha kuziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, kuvuta polepole kwa tundu la pili, kushikilia, kisha kutoa. Baada ya siku chache tu za kwenda na kurudi, niliweza kufika kwa muuza mkaa, mwisho wa mtaa, bila kusimama.

Tatizo lilikuwa neno. Kila akitoa pumzi, mzee alikuwa anatamka "Om", na alitaka nami nitamke. Nikamwambia hilo siwezi, dini yangu hainiruhusu. Hakukasirika. Alinieleza kwamba pumzi wao wanaiita prana, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha mti, paka na jua. Kwamba kilichomo ndani ya mtu na kilichomo ndani ya vitu vyote ni kitu kimoja, na neno lile ndilo linalomkumbusha mtu hivyo. Ukilitoa neno, alisema, kinachobaki ni feni.

"Nimeuza dawa maisha yangu yote, mwalimu. Dozi sitoi nusu."

Mabawa hakuna siri, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwa imamu kabla hajaletewa maneno. Alifikiri, akakuna ndevu.

"Kama ni mazoezi, ni tiba, na tiba inafaa," alisema. "Kama ni ibada ya watu, hatuna ruhusa nayo. Sasa ni lipi? Imetoka wapi? Silsila yake ikoje? Maana wewe mwenyewe, mwalimu, ndiye uliyetufundisha tusikubali kitu bila kuuliza ushahidi."

Asiye mtu wa pwani huenda asione uzito wa swali hilo. Kwetu zikri, dua, hata namna ya kupiga dufu, mtu huulizwa kapokea kwa nani, na huyo naye kapokea kwa nani, mpaka mwanzo. Huo mnyororo ndio silsila. Ukikatika, kitu kinawekwa kando. Nilikuwa nimekulia kwenye mazoea hayo, na chuo kikuu kikaniongezea mazoea ya pili ya kudai ushahidi wa kila jambo. Ukiyaunganisha hayo mawili, unapata mtu wa kuchosha sana. Mke wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ni yeye aliyenipeleka kwa mama wa vigae. Alikuwa akinunua vigae vya bafuni kwa Mchina mmoja mwanamke, mtu wa makamo, mwenye duka na mumewe mjini, akagundua kwamba kila asubuhi mama yule anakwenda Raskazone kufanya mazoezi mbele ya bahari.

"Anakwenda polepole, kama anasukuma kabati," mke wangu alisema. "Na anapumua. Kamuulize. Angalau huyo hatakulazimisha kusema kitu, Kiswahili chenyewe chake kichache."

Kiswahili chake kilikuwa kichache lakini hakina kona. Alisema mazoezi alifundishwa na mjomba wake, mtawa wa Kitao, dini ya kale ya kwao, aliyeishi kwenye nyumba yao ya ibada mlimani. Nikamuuliza kama ndani yake kuna dua.

"Hamna."

"Jina la mungu?"

"Hamna jina. Chi tu. Pumzi. Vuta, shusha tumboni, acha. Usilazimishe." Akanigonga bega. "Wewe unalazimisha."

Nilifurahi hasa. Hapa nilikuwa nimepata tiba isiyo na ibada. Niliyafanya mazoezi yake wiki nzima, kisha, kwa kuwa mdomo wangu haukai, nikaenda kumsimulia mzee.

Mzee alicheka mpaka paka akashuka kibarazani. "Hiyo ni yetu," alisema. "Watawa walitoka India wakaipeleka Uchina. Huyo mama anakuuzia mali yetu, kabandua lebo tu."

Unaona nilipokwama. Kama mzee alisema kweli, basi pumzi ya mama wa vigae silsila yake inaishia India, kwenye "Om" ile ile niliyoikimbia. Kama mama wa vigae alisema kweli, basi mimi salama. Shaabani ilikuwa inakaribia. Mtu mwenye akili zake angeendelea kupumua na kunyamaza. Mimi nikaenda maktaba.

Vitabu vya dini za Mashariki nilivikuta rafu moja na vya ufugaji wa nyuki, nikavisoma vyote isipokuwa vya nyuki. Vingine nikavitafuta kwenye simu. Yanayofanana ni mengi. Wahindi wanasema nyuma ya vitu vyote kiko kimoja, Brahman, na akili haikifikii kwa kukieleza. Watao wanayo Tao, yaani njia, nayo pia haiingii kwenye maneno. Wahindi wanafundisha mtu atende wajibu wake bila kung'ang'ania matunda yake. Watao wanafundisha kutenda bila kulazimisha. Huku prana, kule chi. Na njia ya kukutania ilikuwepo: watawa wa Kibudha kweli walitoka India kwenda Uchina, wengine kwa majangwa na wengine kwa bahari, na walipofika wakakosa maneno ya kutafsiria mambo ya Kihindi, wakaazima ya Watao. Yeyote aliyewahi kutafsiri khutba ataielewa shida yao.

Lakini Uchina kulifukuliwa kaburi lenye michoro ya watu wakifanya mazoezi ya namna hiyo, na kaburi lile ni la kale kuliko kufika kwa watawa. Na makusudio hayalingani. Mhindi wa maandiko yale anatafuta asizaliwe tena. Mtao wa kale alitafuta asife. Ukimkuta mtu anakimbia nyumba na mwingine anajifungia ndani yake, huwezi kusema wamefundishwa na mwalimu mmoja kwa kuwa tu wote wameshika ufunguo. Watao nao wana hadithi yao, kwamba mwasisi wao alisafiri kwenda magharibi, akawafundisha Wahindi. Hadithi hiyo ilikua wakati wa ugomvi na Wabudha, na hadithi iliyokulia kwenye ugomvi mimi siipi alama.

Nilimpelekea mzee matokeo haya, akayakataa. Nikampelekea mama wa vigae, akasema anataka kuzungumza na huyo mzee mwenyewe. Ndipo nikapata wazo nililoliona la maana sana wakati ule, la kuwapeleka wote wawili Tongoni.

Tongoni iko kusini mwa mji, kwenye barabara ya Pangani. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, na nguzo zile zamani zilipachikwa mabakuli ya Kichina. Mabakuli yenyewe yamekwisha kung'olewa, imebaki mitobo ya duara kwenye chokaa. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kila mwaka. Nilifikiri, kama kuna mahali karibu na kwetu ambapo biashara ya Mhindi na ya Mchina iliwahi kukutana, ni pale.

Tulikwenda na pikapu ya duka, mzee mbele kwa sababu ya umri, mimi nyuma na boksi la vigae lililosahauliwa. Mama wa vigae aliukaribia mtobo mmoja, akaingiza vidole, akapima kina chake.

"Bakuli dogo," alisema. "La chai au la wali. Letu."

"Lenu," mzee akakubali. "Lakini nani kalileta? Wafanyabiashara wa Gujarati. Babu zangu."

"Meli za Uchina zilifika Afrika."

"Zilifika mara chache, zikapiga picha, zikaondoka. Sisi tulikuwa tunakuja kila mwaka, bibi."

"Hakuna picha wakati ule," mama wa vigae alisema.

Nikawaacha. Niliutazama mtobo ule nikaona, bila kupenda, kwamba ushahidi wangu wote ndio ule. Bakuli linathibitisha kwamba bakuli lilifika. Huenda Mchina alimuuzia Mmalai, Mmalai akamuuzia Mgujarati, Mgujarati akamuuzia mtu wetu, na hakuna katika hao aliyemuuliza mwenzake anapumuaje. Huenda pia walikaa wakaulizana kutwa nzima wakisubiri mzigo. Maneno yao hayakupachikwa kwenye chokaa. Nimefundisha historia maisha yangu yote na bado jambo hilo liliniuma, kwa sababu safari hii nilikuwa nalihitaji jibu mwenyewe.

Wakati tunazunguka, alasiri iliingia, na adhana ikasikika kutoka kijijini. Muadhini alikuwa mtu wa sauti ya kawaida kabisa. Alisema tamko, akanyamaza, akasema jingine. Mzee na mama wa vigae waliacha kubishana kwa heshima. Ilipokwisha, mzee akanigeukia.

"Huyu hakuivuta. Inakubalika hivyo?"

"Inakubalika."

"Basi weye, kuvuta kule, ulikupokea kwa nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Mwalimu wangu wa madrasa, huko Mwera nilikokulia, alitufundisha kuadhini kwa kutulia, kila tamko na pumzi yake, na kupumzika kati ya moja na jingine. Yeye naye kafundishwa hivyo na mwalimu wake. Hiyo ndiyo silsila yangu, naweza kuitaja jina kwa jina. Kule kuvuta sikukupokea kwake. Nilikupokea kwenye redio, ujanani, kwa wasomaji na waadhini wa nchi za mbali, nikakaa nikiiga mpaka nikaweza.

"Kwenye redio," nikasema.

Mzee hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, kama muuza dawa aliyeambiwa hatimaye mgonjwa amekula nini. Mama wa vigae alikuwa ameanza kurudi garini. Wawili wale walikubaliana jambo moja tu siku ile, kwamba nilikuwa nalazimisha, na njia nzima ya kurudi wakabishana fundisho la kutolazimisha ni la nani.

Nilikwenda kwa imamu. Nilimwambia kwamba silsila ya pumzi ile sikuipata. Kwamba wenye kusema imetoka India wana hoja, wenye kusema ilikuwapo Uchina wana hoja, na mimi sina ushahidi wa kuamua. Nilimwambia nafanya yale ya Mchina, kimya, bila neno, na kwamba kama hilo nalo ni kosa aniambie sasa. Kisha nikamwambia habari ya redio.

"Mwalimu," alisema, "mapafu ni yako, kovu ni lako, na unavuta hewa tu. Hayo yafanye. La adhana ndilo letu. Utaadhini kama ulivyofundishwa Mwera?"

"Nitajaribu."

"Hata kama watu watasema mwalimu kaisha?"

Swali hilo ndilo lililokuwa gumu, na naye alijua. Nilijua watu wangesema nini. Nilijua wale wenye maduka wangetazamana. Nilimwambia ndiyo, na sauti yangu haikuwa imara.

Tulichagua alasiri moja mwishoni mwa Shaabani. Imamu alisimama nyuma yangu, karibu, na nilijua yuko pale kunipokea nikikwama. Nilishusha mabega. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaitoa na tamko la kwanza, nikanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko kikohozi, kwa kuwa zamani hapakuwa na kimya katika adhana yangu, sauti ilikuwa inajaza kila mahali. Nikasema tamko la pili. Kwenye "hayya alal falah" koo lilitaka kuvuta, lenyewe, kama mguu unavyotafuta ngazi iliyokwisha kuvunjwa. Nikaliacha tamko lipite fupi. Nikamaliza. Imamu hakunigusa.

Baada ya swala watu wawili watatu walinipa mkono. Mwenye duka mmoja alikuwa amekosa rakaa mbili, akalalamika kwamba siku hizi adhana haimpi mtu nafasi ya kufunga mlango. Mzee akanipigia simu. Alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani. Aliuliza swali moja tu, mabega yalikuwaje, nikamwambia yalikaa chini.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Nilikaa kwenye kibao karibu naye. Sikumuuliza. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba nikiuliza sitajibiwa.

"Leo nimesikia maneno yenyewe," alisema, macho kwenye ungo. "Siku zote nilikuwa nakusikia weye."

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa, akaendelea.